Maleba ya Mfalme Porus: Kuifuata Njia ya Kale kutoka Bombay hadi Matiri

Mwaka 1941 haukuwa mwaka wa kulitamka hadharani neno uhuru mjini Bombay. Uingereza ilikuwa vitani, India ilikuwa imetumbukizwa vitani bila viongozi wake kuulizwa, na wengi wa viongozi hao walikuwa jela au ndiyo kwanza wanatoka. Magazeti yalikaguliwa, mikutano ilikaguliwa, hata nyimbo za jukwaani zilikaguliwa. Katika mwaka huohuo, mwigizaji na mwongozaji Sohrab Modi, kupitia kampuni yake ya Minerva Movietone, alitoa filamu ya Kihindi iliyoitwa Sikandar. Ndani yake hamna Mwingereza hata mmoja. Kuna farasi, tembo, deraya, panga na mataji. Kisa chenyewe ni cha mwaka 326 kabla ya Kristo, pale Aleksanda wa Makedonia alipofika ukingoni mwa mto Jhelum, katika Pakistani ya leo, akamkuta mfalme Porus amempangia jeshi ng'ambo.

Makala haya yanaifuata filamu hiyo na ndugu zake, kutoka studio za Bombay hadi vilima vya Matiri, wilayani Mbinga, mahali ambapo wengi wangedhani filamu hiyo haina la kuwaambia watu wake. Naamini inalo. Watu wa mwambao wa ziwa Nyasa na milima ya Umatengo wanaijua kazi ya maleba, yaani mavazi ya mchezo, tangu zamani. Wanajua kwamba mtu anayetawaliwa akivaa nguo ya zama nyingine, au nguo ya mtu mwingine, huweza kusema mambo ambayo katika nguo zake za kila siku yangemfikisha kituoni. Na wana historia inayodai nayo ivalishwe maleba yake, kwa uangalifu kuliko Modi alivyoweza.

Mfalme mmoja, mto mmoja

Kisa cha Sikandar ni chepesi kukisimulia. Aleksanda, aliyechezwa na Prithviraj Kapoor, ameiteka Uajemi na sasa anautazama mto. Mwalimu wake Aristotle amemwonya asimruhusu Rukhsana, mwanamke wa Kiajemi anayempenda, amvunjie safari yake. Ng'ambo ya mto kuna Porus, aliyechezwa na Modi mwenyewe, mfalme anayewasihi wafalme jirani waungane kumzuia mgeni. Wengine wanasita. Mmoja, Ambhi wa Takshashila, ameamua kusimama upande wa mvamizi. Rukhsana anavuka kwa siri, anajifanya dada wa Porus kwa kumfunga uzi wa rakhi mkononi, na kwa uzi ule Porus anaahidi kutomwua Aleksanda. Vita vinapiganwa. Porus anashindwa na kupelekwa mbele ya mshindi.

Hapo ndipo filamu inapofika kileleni, na kilele hicho kilitoka katika vitabu vya Wagiriki wenyewe. Mshindi anamwuliza mateka: nikutendee vipi? Mateka anajibu kwamba anataka atendewe kama mfalme anavyomtendea mfalme. Kwa mujibu wa wanahistoria wa kale, Aleksanda alimrudishia Porus ufalme wake, kisha askari wake wakagoma kusonga mbele zaidi na safari ya kuiteka India ikaishia njiani.

Fikiria unalitazama tukio hilo katika ukumbi wa Bombay mwaka 1941. Mvamizi ametoka magharibi, ana jeshi lisiloshindika, ana hakika dunia ni mali yake. Mwenyeji ameshindwa lakini shingo hajaiinamisha. Mwisho wa yote, ni mvamizi anayegeuza njia kurudi kwao. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Bodi ya ukaguzi ya Bombay iliipitisha filamu, maana ungeikataaje hadithi iliyoandikwa na Wagiriki karne nyingi kabla ya Mwingereza kufika India? Baadaye, wenye mamlaka walipoona jinsi watazamaji walivyoipokea, iliondolewa katika baadhi ya sinema za kwenye makambi ya jeshi. Walichokihofia kinaeleweka: askari wa Kihindi, amevaa sare ya mfalme wa Uingereza, amekaa gizani akimshangilia Porus.

Modi hakuwa wa kwanza kuipita njia hiyo. Mwaka 1921, zama za filamu bubu, kampuni ya Kohinoor ilitoa Bhakta Vidur, kisa cha kutoka Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindi. Mwigizaji mkuu, Dwarkadas Sampat, alimtoa Vidur amevaa kofia na nguo za khadi zilizomfananisha waziwazi na Gandhi. Filamu ikapigwa marufuku Karachi na Madras. Karibu mwaka 1930, V. Shantaram alitengeneza filamu kuhusu Shivaji, mfalme wa Wamaratha wa karne ya 17, akaipa jina lenye neno swarajya, yaani kujitawala. Wakaguzi hawakulivumilia jina hilo. Ikabidi ibatizwe upya na kuitwa Udaykal. Shivaji aliruhusiwa kupanda farasi na kuteka ngome. Neno lile la kujitawala ndilo lililokatazwa.

Katika mfululizo huo, filamu ya maleba ilikuwa lugha kamili ya siasa. Upanga wa Shivaji, kofia ya Vidur na taji la Porus yalikuwa maneno, na watazamaji walijua kuyasoma.

Melini hadi Zanzibar, barabarani hadi kusini

Filamu za Bombay zilifika pwani yetu kwa meli zilezile zilizoleta vitambaa, mchele na barua za ndugu. Zanzibar ilikuwa na ukumbi wa Royal tangu mwaka 1921, jengo lililochorwa na J. H. Sinclair, afisa mkubwa wa Kiingereza kisiwani, kwa ajili ya mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla. Baadaye jengo liliungua, likajengwa jipya kwa jina la Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na kumbi zake: Empire, Azania, Avalon, Empress. Waswahili waliingia humo pamoja na Wahindi na Waarabu, na wengi hawakujua Kihindi hata neno moja. Walizishika nyimbo, wakazishika nyuso. Hata leo Unguja hukosi mzee wa kukuhadithia Awara ya mwaka 1951, filamu ya Raj Kapoor. Hakimu wa ndani ya Awara, baba mkali anayemkataa mwanawe, alichezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj. Ni yule yule aliyekuwa Aleksanda miaka kumi kabla. Mwaka 1960 alirudi tena katika maleba ya kifalme, safari hii akiwa Akbar katika Mughal-e-Azam. Kwa hiyo uso wa Sikandar unajulikana pwani yetu, hata kwa wasioijua Sikandar yenyewe.

Kusini, mambo yalikuwa tofauti. Kutoka Lindi kwenda Songea ilikuwa safari ndefu kupitia Masasi na Tunduru, na kutoka Songea kwenda Umatengo ilikuwa safari nyingine. Filamu ya biashara hukaa kwenye mji wenye umeme, ukumbi na watu wenye senti za tiketi. Vijijini ilikuja filamu ya aina nyingine kabisa, na inafaa kuiangalia kwa karibu.

Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi mkubwa wa sinema ya elimu kwa Waafrika, uliosimamiwa na Meja L. A. Notcutt kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi ulitengeneza filamu fupi, ukazipakia garini na kuzizungusha katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na Kati. Moja ilihusu kodi. Nyingine ilihusu faida ya kuweka akiba posta. Nyingine zilihusu mmomonyoko wa udongo, ng'ombe na afya. Zilifundisha mambo, na baadhi yalikuwa ya maana. Ila ziweke kando ya filamu za Bombay za miaka ileile. Mtazamaji wa Bombay alikuwa anaoneshwa wafalme wake wa kale. Mtazamaji wa Tanganyika alikuwa anaoneshwa namna ya kulipa kodi. Katika sinema ile Mwafrika hakuwa na jana. Alikuwa na shamba, ng'ombe na deni kwa serikali.

Na hapa Umatengo ndipo upungufu wa sinema ile unapoonekana vizuri zaidi, kwa sababu kuhusu udongo Wamatengo walikuwa walimu. Njoo Matiri mwishoni mwa masika, utazame mteremko uliolimwa kwa ngoro. Majani marefu hufyekwa, yakaachwa yakauke, kisha yakapangwa kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima ukawa na miraba. Akina mama huingia na majembe, wakachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya majani. Yanabaki mashimo yamezungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni badala ya kuporomoka na udongo hadi bondeni, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Mwaka 1938 afisa wa serikali, A. H. Pike, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kueleza jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo wao. Serikali iliyounga mkono filamu za kuwafundisha Waafrika kuzuia mmomonyoko ilikuwa na maofisa wanaoandika jinsi Mwafrika wa Mbinga alivyokwisha kuuzuia. Watu hawa walikuwa na historia inayotosha filamu nzima. Sinema ile haikuwajua.

Sare za KAR na sare za mganda

Wakati Sikandar ikitazamwa India, vijana wa Tanganyika walikuwa wakiandikishwa katika jeshi la King's African Rifles. Batalioni ya 26 na ya 36, za Tanganyika, ziliingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon, kisha mwaka 1944 ikaingia Burma. Ilipita bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba, kisha ikaondolewa mstari wa mbele kwenda kupumzika India. Askari wa Afrika Mashariki wakaiona India ikijiandaa kuwa huru: maandamano, kofia nyeupe za khadi, na mabango ya rangi ya filamu kwenye kuta za miji. Walipanda na kushuka treni katika nchi ambayo baadhi ya makambi yake yalikatazwa filamu ya mfalme aliyekataa kuinama. Miaka miwili baada ya vita kwisha, Agosti 15, 1947, nchi hiyo ikawa huru.

Ila askari wa mwambao wa Nyasa hakuhitaji kufika India ili ajue kwamba vazi lina siasa. Kwao kulikuwa na mganda.

Mtu asiyeujua mganda akiuona kwa mara ya kwanza Umatengo au Liuli au Mbamba Bay hudhani ameingia gwaride. Wanaume wamejipanga kwa safu, kaptula nyeupe zimenyooshwa kwa pasi hadi mkunjo unakata, shati jeupe, soksi ndefu hadi gotini, viatu vinang'aa. Mbele yupo kiongozi mwenye cheo cha kijeshi, filimbi mdomoni, na akipuliza safu nzima hugeuka. Ngoma kubwa inapigwa kwa mdundo wa polepole, mzito. Malipenga ya vibuyu yanaitikia kwa sauti ya kukwaruza, kana kwamba bendi ya shaba imejibadili kuwa mmea. Magoti yanakunjwa pamoja, mguu mmoja unatangulia, bega linashuka, mwili unasimama kidogo hewani kabla mdundo haujaurudisha. Hakuna anayekimbia. Kila kitu kiko katika kujizuia. Pembeni akina mama wana kioda chao, nao kwa mavazi yaliyolingana na safu zisizopinda.

Mganda ni ndugu wa beni, ngoma iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikasambazwa na askari, makarani na wapagazi hadi bara, hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii za Afrika Mashariki. Vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na wafalme, majenerali, madaktari na makatibu, na vilisaidiana katika misiba na shida. Maofisa wa kikoloni walivitilia shaka. Wengine waliona uigaji wa kitoto tu, wengine waliona mtandao wa siri. Wote walikuwa wakijiuliza swali lililomsumbua mkaguzi wa Bombay: hawa watu waliovaa nguo hizi wanasema nini hasa?

Mimi naona jibu lipo katika mwendo wenyewe. Gwaride la mkoloni lilimfundisha Mwafrika kutii amri ya mtu mwingine. Katika mganda amri ni ya kwao, filimbi ni ya kwao, kapteni wamemchagua wao, na cheo ambacho jeshini asingekipata kamwe anakivaa mchana kweupe mbele ya kijiji kizima. Nguo ni ya mtawala, enzi ni ya mchezaji. Modi alikwenda miaka elfu mbili nyuma kutafuta vazi la kusemea. Wachezaji wa mganda walilichukua lililokuwa mbele yao, mwilini mwa afisa. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi moja, na sioni sababu ya kuiita ya Bombay sanaa na ya Umatengo mazoea ya vijijini.

Songea, na jibu la mateka

Ukitoka Matiri ukaingia barabara kuu ya Mbinga kwenda Songea, unapita katika nchi ya Vita vya Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani. Mjini Songea, eneo la Mahenge, ipo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, penye kaburi la pamoja la wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Miongoni mwa wafu wa vita vile ni Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama, aliyebatizwa kabla ya kupandishwa kitanzini, na nduna, yaani kiongozi wa chini ya mfalme, aliyeuachia mji jina lake, Songea Mbano.

Simulizi ya Songea Mbano inayotunzwa na Wangoni ni hii. Wajerumani hawakumnyonga pamoja na wenzake siku ile. Walimbakiza hai, wakiwa na matumaini ya kumtumia. Naye akakataa kuishi mahali ambapo wenzake wameuawa, akataka kitanzi kilekile walichopewa wao. Siku chache baadaye akanyongwa. Kichwa chake kilichukuliwa, na kaburi lake liko peke yake, kando ya lile la pamoja. Wazao wake wamekuwa wakikidai kichwa hicho kutoka Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao hao na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani.

Sasa msikilize Porus na Songea kwa pamoja. Mmoja anaambiwa: nikutendee vipi? Anajibu: kama mfalme. Mwingine, kwa mujibu wa simulizi, anapewa uhai na anajibu: kama wenzangu. Jibu la Porus lilimrudishia ufalme, likaandikwa na Wagiriki, likachezwa na Modi mbele ya kamera. Jibu la Songea lilimpa kitanzi. Kwangu mimi la pili ni zito zaidi. La kwanza linaomba heshima ya mtu mmoja kutoka kwa mkubwa mwenzake. La pili linakataa heshima ya mtu mmoja ikiwa wengi wamenyimwa.

Hapa ndipo mwandishi wa filamu angesimama na kupiga makofi. Mwanahistoria hana budi kuendelea kutembea.

Mshono ulio ndani ya vazi

Filamu ya maleba ya kizalendo ina udhaifu mmoja unaotokana na nguvu yake. Ili taifa lionekane moja, hushona kitambaa kimoja kutoka vipande vingi na kuuficha mshono. Katika Sikandar, Ambhi ni msaliti basi. Lakini Ambhi wa kihistoria alikuwa na ugomvi wa zamani na Porus, na mwaka 326 kabla ya Kristo hapakuwa na India ya kuisaliti. Palikuwa na falme jirani zilizoogopana. Taifa lililosalitiwa ndani ya filamu ni taifa la mwaka 1941, limevalishwa nguo za kale.

Mtu wa Umatengo anapaswa kuwa wa kwanza kuuona mshono huu, kwa sababu umepita katikati ya mlima wake. Wangoni hawakuzaliwa Ruvuma. Babu zao walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya zama za Shaka, mfalme wa Wazulu. Kundi la kiongozi wao Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, likafika hadi Ufipa, na baada ya kifo chake likagawanyika. Katikati ya karne ya 19 makundi ya Wangoni yakaingia nchi ya Songea. Walikuja na ngao za ngozi, mikuki mifupi na mpangilio wa vikosi ambao jirani zao hawakuwa nao. Walishinda, waliteka, walichukua watu na vyakula. Wamatengo walipanda milimani, kwenye miteremko mikali na mapango, na simulizi zao zinauhusisha ulimaji wa ngoro na maisha yale ya kubanana mahali padogo palipo pa mwinuko. Shimo la ngoro unaloliona leo Matiri lina ndani yake kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akimkimbia jirani.

Kwa hiyo, Wangoni walikuwa Aleksanda kwa Wamatengo na Porus kwa Wajerumani, na yote mawili yalitokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Mzee aliyewahi kukimbilia pangoni akiwa mtoto aliweza kuishi hadi akasikia habari za kitanzi cha mwaka 1906. Alijisikiaje? Filamu ya Modi haina nafasi ya kumweka mtu huyo, na ndiye mtu muhimu kuliko wote katika hadithi yetu. Majimaji ilikuwa vita ya ajabu kwa sababu maji ya dawa ya mganga Kinjikitile yaliwakusanya watu wasiokuwa na utawala mmoja. Wapo waliojiunga, na wapo waliokuwa na sababu zao za kukaa pembeni, mojawapo ikiwa ni kumbukumbu ya mkuki wa jirani. Kuwaita hawa wote wasaliti ni kuchukua kofia ya Ambhi na kuwavisha watu wasioistahili.

Na mwaka uleule wa 1941 unatupa onyo kubwa zaidi. Wakati Modi anatoa Sikandar Bombay, Ujerumani ya Wanazi ilitoa filamu yake ya maleba, Carl Peters, iliyoongozwa na Herbert Selpin, Hans Albers akiwa Peters. Huyu ndiye Peters aliyefika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwaka 1884 na karatasi za mikataba, ambaye watu walimpa jina la Mkono wa Damu, na ambaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa unyama wake Kilimanjaro. Katika filamu ameoshwa na kuwa shujaa aliyeonewa. Afrika Mashariki yetu ilijengwa katika studio za Ulaya, na baadhi ya Waafrika wanaoonekana ndani yake walikuwa mateka wa vita waliotolewa kambini ili wajaze picha. Hii nayo ilikuwa filamu ya maleba na uzalendo, tena yenye farasi na bendera na machozi. Vazi la kale linaweza kumpa sauti aliyenyamazishwa, na linaweza kumfunika muuaji. Chombo ni kilekile.

Nani atashona maleba yetu

Leo kijana wa Matiri hahitaji gari la sinema. Kuna simu, kuna king'amuzi, kuna kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao na spika inayosikika hadi barabarani. Kutoka Dar es Salaam, mfasiri maarufu Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, aliwafungulia njia wasimuliaji wanaoweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani, na kwa sauti yao mfalme wa mbali huzungumza kama mtu wa Temeke. Azam TV imeleta tamthilia za masultani wa Kituruki kwa Kiswahili. Maleba hayajapungua, yapo tele. Kijana anawajua wafalme wa Delhi na Istanbul kwa majina ya wake zao. Ukimwuliza kuhusu Mputa Gama, atakutajia labda shule au mtaa.

Simlaumu. Mtu hukumbuka alichooneshwa. Ebrahim Hussein alituandikia Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia iliyosomwa katika shule zetu kwa miongo mingi, na alituonesha kwamba Majimaji inaweza kusimama jukwaani bila kugeuzwa hotuba. Kinachohitajika sasa ni kamera ije kusini na ujasiri wa aina mbili. Kwanza ujasiri wa Modi, wa kumsimamisha mshindwa mbele ya mshindi na kumwacha ainue shingo. Halafu ujasiri ambao Modi hakuwa nao, pengine kwa kuwa mwaka 1941 haukumruhusu: kuuonesha mshono. Filamu ya Songea Mbano ianzie pangoni Umatengo, kwa mama anayemziba mtoto mdomo vikosi vya Wangoni vinapopita bondeni. Imwache mtoto huyo akue, alime ngoro, amwone Mjerumani akija, na asimame njia panda akijiuliza kama adui wa jana anaweza kuwa mwenzake wa leo. Jibu lake, liwe lolote, litakuwa la kweli kuliko mashujaa wote waliovalishwa taji tangu mwanzo hadi mwisho.

India ya mwaka 1941 ilihitaji kujificha nyuma ya Porus kwa sababu mkaguzi alikuwa mlangoni. Sisi hatuna mkaguzi wa Kiingereza mlangoni. Waigizaji wapo: wachezaji wa mganda wanaojua kulivaa vazi la mtu mwingine bila kumwabudu. Wasimuliaji wapo, wazee wanaotunza simulizi za pande zote mbili za mlima. Hadithi ipo, na wenye madai wapo hai, wakiendelea kukisubiri kichwa cha babu yao. Taifa lililopata uhuru wake mwaka 1961 lina uwezo wa kuitazama historia yake bila kuficha chochote, na mkoa wa Ruvuma una haki ya kuwa wa kwanza kuoneshwa.